Kabla Sijakupa Dawa ya Kuzuia Kutapika

Katika famasia ninayofanyia kazi hapa Temeke, mteja anayeomba dawa ya kuzuia kutapika huwa hana muda wa mazungumzo. Ama ana mtoto mgongoni, ama anawahi boti, ama mkewe amelala nyumbani na ndoo kando ya kitanda, na anachotaka ni kidonge chenye jina alilotajiwa na jirani. Mimi humjibu kwa maswali: ni nani anayetapika, ana umri gani, ameanza lini, amekula au kumeza nini, anaharisha, ana homa, ni mjamzito? Wapo wanaokasirika na kuvuka barabara kwenda duka jingine ambako hawataulizwa kitu. Siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba dawa hizi hazifanani, kwamba ile inayomtuliza msafiri wa baharini haimsaidii sana mgonjwa wa saratani, na kwamba ile anayopewa mtu mzima kila siku inaweza kumpindisha shingo mtoto. Haya ni maelezo ambayo pale dirishani sipati nafasi ya kuyatoa.

Tuanze na tendo lenyewe. Wengi huamini kwamba tumbo la chakula ndilo linalojikaza na kurusha vilivyomo, kumbe lenyewe karibu muda wote huwa limelegea. Kwanza mate hujaa mdomoni, jasho jembamba hutoka, uso hupauka na moyo huenda mbio. Kisha utumbo mwembamba, ambao kazi yake ya kila siku ni kusukuma chakula kwenda chini, hujikaza kwa wimbi moja kubwa linalopanda juu na kurudisha tumboni vilivyokwisha kupita, nyongo ikiwamo. Hapo mtu huvuta pumzi, njia ya hewa hujifunga, kaakaa laini hupanda kuiziba pua kwa ndani, na kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, pamoja na misuli ya ukuta wa tumbo hujibana kwa pamoja hadi tumbo la chakula likakamuliwa kupitia umio. Misuli inayofanya kazi hiyo ni ileile ya kupumulia, na ndiyo maana aliyetapika usiku kucha huamka mbavu zikimuuma kama aliyebeba mizigo bandarini.

Kurudi kwa nyongo ndiko kunakowatisha watu. Mtu mzima ambaye tumbo lake limekwisha kuwa tupu atatapika maji ya manjano au ya kijani, machungu, na nyumba nzima itasema ugonjwa umefika pabaya kwa kuwa anatapika nyongo. Kwa mtu mzima aliyekwisha kutapika mara kadhaa, rangi hiyo peke yake haithibitishi kitu. Kwa kichanga ni habari nyingine kabisa: kichanga kinachotapika kijani kipelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu huenda utumbo wake umeziba au umejisokota.

Mpangilio huo wa kufunga njia ya hewa kwa wakati wake ni kinga nzuri, lakini huharibika kwa mtu aliyepoteza fahamu au aliyelewa sana, na matapishi yakaingia mapafuni. Kwa sababu iyo hiyo, mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa au mafuta ya kupikia ili atapike. Mafuta ya taa yakiwa tumboni yana madhara madogo kuliko yakipanda na kuteleza kuingia mapafuni. Mtoto huyo ni wa kukimbizwa hospitali alivyo.

Si wanyama wote wanaoweza kutapika. Panya hawezi, na farasi naye hawezi. Sumu nyingi za panya zinafaulu kwa sababu hiyo, na watafiti walipotaka kuzijaribu dawa za kuzuia kutapika iliwabidi wawaache panya wa maabara na kutumia wanyama wengine, hasa yule mnyama mdogo wa jamii ya kicheche aitwaye ferret.

Amri ya kuyafanya yote hayo kwa zamu hutoka kwenye medula, sehemu ya chini ya ubongo inayoungana na uti wa mgongo, ambamo pia hupangwa upumuaji na mapigo ya moyo. Si kiungo kimoja unachoweza kukionyesha kwa kidole, bali ni mtandao wa seli za neva zinazoshirikiana. Jirani yake kabisa, kwenye sakafu ya chemba ya nne ya ubongo, kuna sehemu ndogo iitwayo eria postrema, yenye tabia ya pekee. Karibu ubongo wote umekingwa na kuta za mishipa ya damu zisizoruhusu kila kilichomo katika damu kupenya. Sehemu hii haina kinga hiyo. Imeachwa wazi iionje damu muda wote, na ikikuta sumu, dawa kali, au taka ambazo figo zimeshindwa kuzitoa, hupeleka taarifa. Watafiti wawili waliofanya kazi Marekani, Herbert Borison na S. C. Wang, waliliweka jambo hili bayana katika andiko lao la 1953. Majaribio yao kwa wanyama yalionyesha kwamba sehemu hiyo ikiharibiwa, mnyama hatapiki tena kwa apomofini, dawa ya kutapisha, iliyoko katika damu, ingawa uwezo wake wa kutapika kwa sababu nyingine unabaki palepale.

Kwa hiyo damu ni njia moja tu. Njia ya pili hutoka tumboni na utumboni kupitia neva ya vagasi, neva ndefu inayoviunganisha viungo hivyo na ubongo. Ya tatu hutoka katika sikio la ndani. Na ya nne hushuka kutoka ubongo wa juu, nayo ndiyo inayomtapisha mtu kwa harufu, kwa hofu, au kwa kukumbuka tu. Zote huishia kwenye medula, mithili ya daladala za Kariakoo: abiria wa Mbagala huja kwa Barabara ya Kilwa na wa Kimara huja kwa Barabara ya Morogoro, na ukiifunga Barabara ya Morogoro, wa Mbagala atafika kama kawaida. Kila njia ina kemikali zake za kupitishia ujumbe, na kazi ya dawa nyingi za kundi hili ni kukikalia kipokezi cha kemikali fulani ili ujumbe usipokelewe. Ukikalia kipokezi ambacho siyo, umempa mgonjwa madhara bila manufaa.

Njia ya sikio inajulikana na kila aliyepanda boti ya kwenda Unguja wakati kusi linavuma. Boti ikishatoka nje ya bandari na kuanza kupanda na kushuka, wafanyakazi hupita wakigawa mifuko, na kinachofuata kila mtu anakijua. Ndani ya sikio kuna mirija mitatu yenye majimaji inayoueleza ubongo kichwa kinaelekea wapi. Macho ya abiria aliyekaa chini yanaona viti na kuta zilizotulia, sikio linasema tunarushwarushwa, na ubongo unaopokea habari mbili zinazopingana humalizia kwa kichefuchefu. Mwaka 1882 William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kuhusu viziwi ambao wengi wao hawakupata kizunguzungu hata walipozungushwa, kwa kuwa sehemu hiyo ya sikio ilikuwa imekufa pamoja na usikivu wao. Ndiyo maana ushauri wa kukaa katikati ya boti, mahali pa wazi, na kuangalia mstari wa upeo wa bahari una msingi: unayafanya macho yaone kile ambacho sikio linakihisi. Wanaopanda mlima Kitonga kwa basi huku wakisoma simu hufanya kinyume chake, kisha humlaumu dereva.

Kemikali kuu za njia hii ni histamini na asetilikolini, na dawa zake ni zile zinazozikabili hizo: promethazini, saiklizini, dimenhaidrineti, na hayosini. Dimenhaidrineti iligunduliwa kuwa inafaa safarini kwa bahati. Mwaka 1947, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, madaktari Leslie Gay na Paul Carliner walikuwa wakiijaribu kwa wagonjwa wa mzio. Mwanamke mmoja aliyekuja kwa ajili ya vipele vya ngozi aliwaeleza kwamba tangu aanze kuimeza, hatapiki tena akipanda tramu, jambo lililomsumbua miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka huohuo walijaribu dawa hiyo kwa wanajeshi waliovuka Atlantiki kwa meli ya General Ballou kuelekea Ujerumani, na ikafanya kazi. Nakipenda kisa hiki kwa sababu jibu lilitoka kwa mgonjwa aliyesikilizwa.

Dawa hizi zinataka kumezwa kabla ya safari, nusu saa hadi saa nzima kutegemea ni ipi. Anayesubiri hadi boti ianze kuyumba amechelewa, kwa maana tumbo lililochafuka halisukumi kidonge mbele, na huenda kikatoka na chai ya asubuhi. Pia zinaleta usingizi, kwa hiyo dereva asiziguse, na promethazini asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwani inaweza kumdidimiza kupumua. Hapo hapo niseme jambo linalonichosha: hayosini butilibromaidi, ile ya msokoto wa tumbo inayouzwa kila mahali, haivuki kuingia kwenye ubongo na haimzuii mtu kutapika safarini. Imechukua nusu ya jina la ndugu yake, na wateja wanadhani imechukua na kazi. Ondansetroni nayo, dawa nyingine ya kuzuia kutapika, pamoja na sifa zake zote, kwa msafiri wa boti ni karibu kazi bure.

Sifa za ondansetroni ziko kwenye njia ya tumbo. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali ya kupitishia ujumbe kwenye njia hii, huwa katika utumbo, sehemu kubwa ikiwa ndani ya seli maalumu za ukuta wake. Utumbo ukishambuliwa, kwa virusi vya kuharisha, chakula kilichochacha au dawa za saratani, seli hizo huimwaga serotonini, nayo huamsha ncha za neva ya vagasi, na neva hupeleka habari juu. Ondansetroni huvizuia vipokezi vya serotonini vilivyo kwenye ncha hizo. Haimlazi mtu usingizi, ingawa huweza kuleta kichwa kuuma na kufunga choo, na kwa wenye matatizo fulani ya mapigo ya moyo inahitaji uangalifu.

Mteja wangu wa mara kwa mara katika jambo hili ni mama mwenye mtoto. "Dokta, kila akinywa anatapika, nipe ya kumzuia," huniambia, hata kabla hajamshusha mtoto mgongoni. Mimi hutazama kwanza mdomo na macho ya mtoto, humbana kidogo ngozi ya tumbo nione inarudi kwa kasi gani, na huuliza amekojoa lini. "Mama, alikunywaje hayo maji?" Jibu huwa ni kikombe kizima, kwa pupa, kwa sababu ana kiu. Tumbo lililowashwa likijazwa ghafla hurudisha. Basi huchanganya pakiti ya ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, katika lita moja ya maji safi na salama, na kumwonyesha kutoa kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Mtoto akitapika, asubiri dakika kumi kisha aanze tena polepole zaidi. Watoto wengi hutulia kwa hilo pekee, na wale wanaoharisha huongezewa zinki. Dozi moja ya ondansetroni, ikikadiriwa na mtaalamu kwa uzito wa mtoto, imethibitika kumsaidia mtoto anayeshindwa kabisa kunywa ili aweze kuyapokea maji hayo na aepuke dripu. Maji bado ndiyo tiba. Kidonge kimeyafungulia njia tu. Mtoto aliyelegea, asiyekojoa, anayetapika damu, au anayetapika bila kuharisha huku kichwa kinamuuma, simuuzii chochote. Namwandikia mama kikaratasi aende hospitali.

Ambayo simuuzii mama huyo kwa pesa yoyote ni metoklopramaidi. Ni dawa ya zamani, tangu miaka ya 1960, ya bei ndogo na yenye kazi nzuri mahali pake. Huvizuia vipokezi vya dopamini, kemikali nyingine ya kupitishia ujumbe, kwenye eria postrema na pia huharakisha tumbo kujimwaga kuelekea chini. Shida ni kwamba hupenya ndani ya ubongo, na dopamini hiyohiyo ndiyo inayoratibu mwendo wa misuli. Binti mmoja mtaani kwetu alipewa dawa hiyo kwa ajili ya kichefuchefu, na jioni yake shingo ilijipinda upande, macho yakapanda juu yakabaki huko, taya likakaza, huku akili yake ikiwa timamu kabisa na machozi yakimtoka. Ndugu walikwisha kusema ni mapepo, na walikuwa wakibishana wampeleke kwa nani akaombewe. Alipofikishwa kituo cha afya, mganga aliuliza swali moja tu, amemeza dawa gani, akamchoma sindano inayoipinga asetilikolini, na kabla ndugu hawajamaliza kusimulia shingo ilikuwa imerudi. Watoto na wasichana ndio wanaopatwa zaidi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilielekeza kwamba isitumike kwa zaidi ya siku tano na isipewe kabisa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Ndugu yake domperidoni haipenyi sana kwenye ubongo, kwa hiyo hayo huyaleta kwa nadra, lakini yenyewe ina mashaka yake kwa moyo.

Kuhusu malaria nitasema machache. Mgonjwa akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza dawa mseto, dozi hiyo irudiwe, na kwa hiyo arudi kuchukua vidonge vya kufidia badala ya kuvikopa kwenye dozi ya kesho. Akitapika tena na tena asiweze kubakiza kitu, hiyo si malaria ya vidonge tena, na aende akapate sindano.

Kutapika kwa ujauzito kumebebeshwa maneno mengi, kuanzia kwamba mama anadeka hadi kwamba anamchukia mumewe. Mwaka 2023 kundi la watafiti wa nchi kadhaa lilichapisha ushahidi wenye nguvu kuhusu homoni iitwayo GDF15, ambayo hutoka kwa wingi kwenye kondo la nyuma na kijusi, ikaingia katika damu ya mama na kushikamana na vipokezi vilivyo sehemu ileile ya nyuma ya ubongo. Waliozoea kiwango kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba ndio wanaoumwa zaidi inapopanda ghafla. Mama anayetapika hadeki. Damu yake ina ujumbe. Ndimu, tangawizi, kula kidogo kidogo na kukaa mbali na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa huwasaidia walio wengi, na hali hupungua kadiri mimba inavyovuka mwezi wa tatu na wa nne.

Woga wa kumpa mjamzito dawa una historia ya kweli. Thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikatumiwa pia kwa kichefuchefu cha wajawazito, ikaondolewa sokoni mwishoni mwa 1961, na watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na viungo visivyokamilika. Marekani iliponea kwa kuwa Frances Kelsey, ofisa wa mamlaka ya dawa, aligoma kuidhinisha hadi aletewe ushahidi wa kumridhisha. Lakini woga huo nao uliwahi kuumiza. Mchanganyiko wa doksilamini na vitamini B6, uliotumika tangu 1956, uliondolewa sokoni Marekani mwaka 1983 kwa sababu ya kesi za madai ambayo uchunguzi haukuyathibitisha, na ukarudi mwaka 2013. Kwa miaka thelathini wajawazito wa huko walikosa dawa salama. Mama anayepungua uzito, asiyekojoa, asiyebakiza hata maji, anahitaji kulazwa, na hospitalini aongezewe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu sukari inayoingia katika mwili uliokwisha vitamini hiyo inaweza kuudhuru ubongo.

Mahali ambapo njia hizi zote hukutana ni kwenye matibabu ya saratani. Sisplatini, dawa ya saratani iliyoanza kuidhinishwa mwaka 1978, iliponya wengi na kuwatapisha karibu wote, kiasi kwamba wapo walioamua kuacha tiba. Mwanzoni walipewa metoklopramaidi kwa dozi kubwa mno, nayo ikasaidia, na baadaye ikaeleweka kwamba dozi kubwa hiyo ilikuwa ikivizuia na vipokezi vya serotonini. Ufahamu huo ndio uliochangia kuzaliwa kwa ondansetroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991. Hata hivyo ondansetroni ilifanya kazi vizuri kwa saa 24 za kwanza, na kutapika kwa siku ya pili hadi ya tano kukaendelea, kwani wakati huo kemikali inayotawala ni nyingine, Dutu P, ambayo kizuizi chake, aprepitanti, kilipatikana mwaka 2003. Leo mgonjwa wa dawa kali hupewa mchanganyiko: ondansetroni au mwenzake, deksamethasoni, aprepitanti inapopatikana, na olanzapini, dawa ya magonjwa ya akili ambayo huzuia vipokezi vingi kwa pamoja na bei yake si kubwa.

Inabaki njia ya nne, ya ubongo wa juu. Mgonjwa wa saratani aliyetapika vibaya katika mzunguko wa kwanza wa dawa huweza kuanza kutapika mapema katika mzunguko unaofuata, kabla ya dripu kufunguliwa. Kwa anayetibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, inatosha gari likunje kona na ayaone majengo ya hospitali, au asikie harufu ya spiriti. Hapo serotonini ya tumboni haihusiki, na ondansetroni haina pa kushika. Lorazepamu ya usiku uliotangulia humpunguzia wasiwasi kiasi, lakini kumbukumbu hiyo ikishajijenga ni vigumu kuifuta. Kwa hiyo dawa zote za kuzuia hutolewa kwa nguvu mara ya kwanza kabisa, kabla mgonjwa hajaonja kutapika hata mara moja, naye huenda nyumbani na vidonge vya siku zinazofuata, ambavyo anatakiwa avimeze kwa saa zake hata kama anajisikia vizuri.